Mistari Aliyoiruka Hakimu

Hakimu alifuta namba ya mwisho akaiandika upya, kwa sababu alikuwa ameweka saba mahali pa moja. Dirisha lililofunguka kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa jeusi tupu, halina picha wala rangi, na herufi zake zilikuwa nyeupe kama chokaa ubaoni. Nyuma yake Pudentienne alikaa kwenye ukingo wa benchi, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

"Iko inasema nini?" akauliza.

"Bado, Mama Délice. Sijauliza."

"Unauliza nani?"

Hakimu aliondoa vidole kwenye vitufe. Alikuwa mtu wa kujifunza mwenyewe, na hakupenda kueleza jambo nusunusu. "Hii kitu wanaita whois. Ni Kiingereza, wanataka kusema 'huyu ni nani'. Kila ordinateri yenye kuingia mu intaneti iko na namba yake. Minye napeleka hii namba ku buku kubwa yenye wanaandika wenye namba wote. Inanijibu: hii namba ni ya fulani, adresi yake hii, simu yake hii."

"Kama ku ofisi ya komini, mu buku ya watoto wenye kuzaliwa."

"Njo vile. Kama ku komini."

Mlangoni, mkewe Zaina aligeuza sambusa kwenye karai bila kuinua kichwa. "Basi uliza ile buku na minye. Nani alikula sambusa zangu mbili jana?"

"Hiyo haina haja ya kuuliza," Hakimu akasema, na Pudentienne akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Namba yenyewe Hakimu aliitoa ndani ya barua pepe. Kila barua ina sehemu ya juu ambayo watu hawaioni, ambamo kila mashine iliyoipitisha huacha muhuri wake, na muhuri wa kwanza kabisa ni wa pale ilipoandikwa. Barua hii ilifika Jumapili kwenye anwani ya kibanda hiki cha Hakimu, ambamo watu huchapishiwa barua. Ilikuwa na mistari mitatu: *Mama, niko muzima. Musinililie. Nitaandika tena.* Chini yake, jina la Délice.

Délice alipiga chapa katika kibanda hiki miaka miwili, akiandikia watu barua za maombi ya kazi na mialiko ya ndoa. Anwani ya kibanda aliijua kwa kichwa. Namba mpya ya simu ya mama yake hakuweza kuijua, kwa kuwa ile ya zamani ilipotea siku familia ilipokimbia kijiji chao, Nyakabere. Hayo yote yalimfanya Hakimu aamini. Lakini alikuwa amejibu mara mbili na hakupata neno. Na jambo jingine halikuwa dogo: Délice alikwisha kuzikwa. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemzika, mwezi wa nne, baada ya gari lililombeba kupigwa risasi kwenye barabara ya bonde.

Akabonyeza. Dirisha likakaa kimya, kisha maandishi yakateremka kwa kasi, mistari arobaini au zaidi, yote kwa Kiingereza. Hakimu alishusha kidole kwenye kioo, pole pole. Mistari mingi ilianza na neno moja, *Comment*, nayo aliipita bila kusimama. Alifundishwa hivyo na kitabu cha Kifaransa kilichoachwa na fundi mmoja wa shirika, kitabu kilichokosa jalada: mistari ya maelezo, mashine haiisomi, imewekwa kwa ajili ya kupamba na kukumbusha. Miaka sita aliiruka na hakuna kilichoharibika.

"Hapa njo adresi," akasema. "Muji: Ebene. Inchi: M, U."

Ukutani alikuwa amebandika orodha ya nchi zote kwa herufi zao mbili. Akasimama, akaitafuta kwa ncha ya kalamu.

"Morisi," akasema.

"Ni wapi, Morisi?"

"Ni kisiwa. Mu bahari, mbali, ngambo ya Tanzania."

Zaina aliacha karai. Pudentienne alitazama kioo kana kwamba kile kisiwa kingeonekana humo. "Delisi yangu alifika mu bahari?" akauliza. "Na nini?"

Hakimu alimchapia ukurasa wote, akaukunja mara mbili, akampa, na hakutaka malipo.

---

Nyumba ambayo Pudentienne na mumewe walipanga Kalundu, bandarini Uvira, ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya ghala la chumvi, na kutoka uani mtu alisikia wapagazi wa bandari wakihesabu magunia. Jumatano hiyo ua ulinuka ndizi zilizoiva. Mitungi minne ya kasiksi, pombe ya ndizi, ilipangwa ukutani, imefunikwa majani na kufungwa kwa kamba, ikitulia hadi Jumamosi.

Jumamosi ingekuwa siku ya kuganduka. Kwa watu wa bonde, msiba una milango miwili. Wa kwanza hufungwa siku chache baada ya mazishi, watu wakarudi shambani. Wa pili hufungwa miezi kadhaa baadaye: ukoo unakusanyika, pombe inanywewa, vitu vya marehemu vinagawanywa, na waliofiwa wananyolewa nywele walizoziacha zikue tangu kaburini. Baada ya hapo hakuna anayemlilia tena mtu huyo hadharani. Jina lake limetulia.

Mambo hayo yote aliyasimamia Apolline, dada mkubwa wa Ndihokubwayo, baba yake Délice. Alikuwa amekuja tangu Jumatatu na mizigo yake, akatandika mkeka chumba cha mbele, akaanza kuamuru.

"Morisi," Apolline akasema alipokwisha kuelezwa. Alilitamka neno hilo kama anayeonja chumvi. "Mlamu, hata kuvuka muto Ruzizi mutoto alikuwa anaogopa. Leo amevuka bahari?"

"Ile ordinateri njo ilisema."

"Ordinateri ilimuzaa? Ilimuzika?"

Pudentienne aliutoa ukurasa, akaukunjua kwenye goti. Hakujua kusoma Kiingereza, na Kifaransa alisoma kidogo, lakini alijua mahali palipo na M na U, maana Hakimu alipiga mstari chini yake. Akampa mumewe.

Ndihokubwayo aliushika ukurasa kwa mikono miwili. Nywele zake za miezi sita zilikuwa zimesimama, nyeupe pembeni, na zilimfanya aonekane mtu mwingine, mkali, ingawa hakuwa mkali. Alisoma neno moja moja hadi chini. Kisha akaurudisha.

"Kutoka hapa mupaka huko, mutu anapanda ndege," akasema. "Kupanda ndege, anahitaji pasipoti. Delisi alikuwa na karte ya kura tu, na ile karte minye niko nayo. Nani alimulipia? Miezi sita, mutoto wa miaka kumi na tisa. Pudentienne, hawa ni wezi. Leo wanaandika 'niko muzima'. Kesho wataandika 'tumeni feza'."

"Hawajaomba kitu."

"Wataomba."

"Na jina lake? Wezi wa Morisi walijua aje ya kama Delisi iko na mama?"

"Kila mutu iko na mama," Apolline akasema.

Pudentienne akaukunja tena ukurasa. Halikuwa jibu kubwa, lakini lilitosha kumfunga mdomo.

Siku iliyofuata habari ilikuwa imefika bombani. Nani aliipeleka, haikujulikana. Labda Zaina alimwambia mteja mmoja, labda Apolline mwenyewe. Wanawake walimpisha Pudentienne mbele ya foleni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, na upole huo ulimuuma kuliko tusi. Aliposhuka na ndoo, motari aliyeegesha pikipiki yake penye kivuli akamwita, "Mama Morisi! Wakikutumia tiketi, minye nakupeleka mupaka eropoti!" Wenzake wakacheka. Yule motari hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa nane alimbeba Pudentienne bure hadi hospitali alipokuwa na homa. Hakujua tu kwamba kuna mahali pa kuacha.

Pudentienne alitua ndoo, akarekebisha kata kichwani, akainua tena. Jioni akamwambia mumewe, bila kumtazama, kwamba anywe dawa yake ya mgongo, na kwamba mtu atumwe kuchapisha picha ya Délice, maana Jumamosi haiwezi kufanyika bila picha.

Ndihokubwayo alielewa kwamba amekubali. Hakujisikia kama mtu aliyeshinda.

---

Ijumaa, Hakimu aliporudi kutoka msikitini, alimkuta Ndihokubwayo kwenye benchi la kibanda, kofia ya kitambaa imekaa juu ya nywele nyingi kama kifuniko kisichotosha. Alikuwa na picha ndogo ya pasi ya shule ndani ya bahasha.

"Hakimu, asikusumbue mutu," akasema kabla ya salamu kwisha. "Minye sina hasira juu yako. Ulisaidia mama wa watu. Nataka hii muifanye kubwa, na muzunguko mweusi."

Hakimu aliipokea picha. Délice alikuwa ametazama kamera kwa mashaka, kidevu kimeinuliwa, na kovu dogo chini ya mdomo lilionekana. Akaiweka kwenye mashine ya kunakili.

"Mzee," akasema, "naomba niulize. Ile siku, ulimuona sura?"

Zaina, aliyekuwa akihesabu mayai, akamtazama mumewe kwa jicho la onyo. Lakini Ndihokubwayo hakuchukia. Labda hakuna aliyemuuliza kabla.

"Sura haikuwako," akasema. "Walikuwa saba, wamelazwa chini ya turubai. Jua kali. Watu wa Msalaba Mwekundu walisema mufanye haraka. Minye niliona tu pulovere. Ile ya kijani, mama yake alimusukia, na mukono mumoja murefu kupita mwingine. Hakuna ingine kama ile mu dunia." Akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. "Nilimubeba minye mwenyewe. Alikuwa mwepesi. Nikasema, Delisi ni mwepesi vile?"

Hakimu akateremsha kifuniko cha mashine juu ya picha.

"Sasa unanielewa. Kama Delisi iko Morisi, nani minye nilizika? Mutoto wa nani? Iko pale Nyakabere miezi sita na jina la mutoto wangu, na mama yake iko anamutafuta." Akasimama. "Ile Morisi yako ilinipumzisha, Hakimu. Kwa kuwa haiwezekani. Nitarudi jioni kuchukua picha."

Alipoondoka, Zaina akasema kwa sauti ya chini, "Ungemuacha."

"Ningemuacha," Hakimu akakubali.

Mashine ya kuchapa ilihitaji dakika kumi kupata joto. Hakimu alikaa. Neno *ilinipumzisha* lilimkaa vibaya. Yeye ndiye aliyempa mtu yule pumziko, naye hakuwa na hakika nalo. Akafungua faili ambamo alitunza jibu la Jumatano, akaanza kusoma tangu juu. Hakuwa akitafuta kosa. Alitaka tu kuwa amelisoma lote, kama mtu anayerudi kuangalia mlango aliokwisha kuufunga.

Alifika kwenye mistari ya maelezo. Safari hii hakuiruka. Alichukua kamusi ya Kiingereza na Kifaransa chini ya meza, ile yenye herufi A hadi C zilizoliwa na panya, akaanza. Ilimchukua zaidi ya dakika kumi. Mashine ya kuchapa ilipata joto, ikawasha taa yake ya kijani, ikasubiri.

Mistari ile ilisema hivi, kadiri alivyoweza kuunganisha: kwamba buku hili ni la Amerika; kwamba namba unayoiuliza haikuandikwa hapa; kwamba kundi lote la namba hizo lilipelekwa kwenye ofisi inayogawa namba kwa Afrika nzima, na anwani iliyoandikwa ni ya ofisi hiyo; na kwamba anayetaka kumjua mwenye namba aende akaulize kule.

Hakimu alisoma mara ya pili. Kisha akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Nini?" Zaina akauliza.

"Nimesoma adresi ya komini," akasema, "nikafikiri ni adresi ya mutoto."

"Sema vizuri."

"Morisi ni pale wanagawanya namba. Za sisi wote. Hata hii ya hapa kibandani, wakiiuliza vile minye niliuliza, itasema Morisi. Programu yangu ni ya zamani, kila kitu inapeleka Amerika. Na Amerika waliandika, wakaandika kabisa: sio hapa, uliza huko. Minye nikaruka."

Zaina alifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini hapo alisema moja tu. "Basi uliza huko."

Hakimu aliandika amri tena, sasa akiongeza jina la buku la pili, lile la Afrika. Aliikagua namba tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza. Majibu yalikuwa mafupi. Aliyasoma yote, hata nyota na vistari. Kundi la namba nane tu, lililotolewa na kampuni moja ya intaneti. Nchi: B, I. Hakuhitaji orodha ya ukutani: Burundi. Chini kabisa palikuwa na mtu wa kuulizwa, jina lake Pontien, na namba ya simu inayoanza na mbili-tano-saba.

Kutoka mlango wa kibanda, siku isiyo na ukungu, mtu aliona maghorofa ya Bujumbura ng'ambo ya ziwa, meupe, kama meno.

Hakimu alichapa ukurasa huo. Picha hakuichapa.

---

Alipofika Kalundu kwa pikipiki, ua ulikuwa na watu. Wanawake watatu wa ukoo walimenya viazi. Ndihokubwayo alikaa kwenye kigoda katikati, shuka imefungwa shingoni, na Apolline alisimama nyuma yake na wembe. Kunyoa hufanywa siku moja kabla, ili mtu aamke Jumamosi akiwa safi. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekwisha, unang'aa; upande wa kushoto ulisimama kama ulivyokuwa.

"Umeleta picha," Apolline akasema. "Asante. Weka mu nyumba."

"Sikuileta, mama."

Wembe ukasimama hewani.

Hakimu alijua kwamba kuna njia ya kulisema jambo hili akimvuta Ndihokubwayo kando. Lakini Morisi aliitangaza mbele za watu, au ilitangazwa kwa sababu yake. Akaona haifai kuifuta kwa siri. Akabaki amesimama pale pale, mkono umeshika ukurasa.

"Nilikosa," akasema. "Jumatano nilisoma vibaya. Morisi haiko. Haikuwako hata siku moja. Ni ofisi yenye kugawanya namba, minye nikafikiri ni pahali barua ilitoka. Kosa ni langu, sio la Mama Délice. Wenye kumucheka, wanicheke minye."

Mmoja wa wanawake wa viazi akaguna. Pudentienne alitoka jikoni akiwa na mwiko, akasimama kizingitini.

"Sasa inasema wapi?" akauliza.

"Namba haisemi mutu iko wapi. Nataka mulielewe hilo. Inasema tu ni nani walipatia namba. Hii walipatia mutu wa Bujumbura."

Apolline akacheka, kicheko kikavu. "Jumatano Morisi. Ijumaa Bujumbura. Kesho utatuambia iko chini ya kitanda, Hakimu? Watu wametoka Kiliba kwa miguu. Kasiksi imeshaiva. Unataka tuimwagie mbuzi?"

"Yaya," Ndihokubwayo akamwita dada yake.

"Hapana, niache niseme. Huyu mutoto ameliliwa. Unamufunga mulango, unamufungua, unamufunga, yeye atalala lini?"

"Yaya, ngoja." Hakugeuza kichwa, kwa sababu ya wembe. "Hakimu. Hiyo ni karatasi ya kweli ama ni kama ingine?"

"Hii nimesoma yote," Hakimu akasema. "Mistari yote. Na kuna mutu wa kupigia simu. Kama nimekosa tena, yeye njo atatuambia."

Kama nusu ya watu wa Uvira, Hakimu alikuwa na laini ya Burundi ndani ya simu yake ya pili. Alibonyeza namba, akaweka sauti ya nje, akaishikilia simu kwenye kiganja katikati ya ua. Iliita mara sita. Wapagazi ng'ambo ya ukuta walikuwa wamefika gunia la themanini.

Aliyeitikia alikuwa mwanamume, mahali penye kelele za barabara. Hakimu alijitambulisha kwa Kifaransa, akaeleza kwa utaratibu: barua, tarehe, saa, namba. Mtu yule akamkata.

"Namba hii mumeitoa wapi? Watu wananipigia kwa sababu ya wezi wa mtandao tu. Mimi si polisi."

"Tumeitoa mu buku," Hakimu akasema. "Jina lako njo limeandikwa."

"Limeandikwa tangu miaka minne, hakuna siku mtu amelisoma." Akakohoa. "Habari za wateja hatutoi kwa simu. Jumatatu muandike barua yenye muhuri..."

Pudentienne alishuka kizingitini. Hakumwomba Hakimu simu. Aliinama tu juu ya kiganja chake, mwiko ungali mkononi, na kusalimu kwa Kirundi. Upande wa pili, mtu yule akajibu salamu kwa Kirundi hicho hicho, pole pole zaidi.

Pudentienne hakueleza barua pepe. Alisema kwamba yeye ni mke wa Ndihokubwayo wa Nyakabere, kwamba kesho saa nne asubuhi wanaganduka kwa ajili ya binti yao, kwamba pombe iko tayari, na kwamba Jumapili binti huyo ameandika kusema yu hai. Akauliza: wewe baba, ungefanya nini?

Honi ya gari ilipita.

"Namba zile nane," Pontien akasema hatimaye, "tulimpa mteja mmoja. Nyumba yenye watu wengi, hilo naweza kusema. Ni nyumba gani, sikumbuki bila daftari, na daftari liko ofisini, na ofisi nimeifunga. Kesho Jumamosi tunafungua saa mbili. Nitaliangalia. Jina la mteja sitakupa, mama. Lakini miguu ninayo. Nitaenda mwenyewe niulize kama kuna msichana anaitwa hivyo."

"Délice," Pudentienne akasema. "Iko na kovu hapa." Akagusa chini ya mdomo wake, ambapo mtu wa Bujumbura hakuweza kuona. "Hapa, chini ya mudomo. Alianguka ku jiwe la kusagia, alikuwa na miaka mine."

"Chini ya mdomo. Nimeandika."

"Na umuulize pulovere ya kijani alipatia nani."

Ndihokubwayo alifumba macho.

"Nitauliza," Pontien akasema. "Siahidi kitu, mama. Kompyuta moja hutumiwa na watu hamsini. Inawezekana ni mwingine. Inawezekana aliondoka."

"Ninajua," Pudentienne akasema. "Kwenu kumenyesha?"

"Kidogo. Asubuhi."

"Huku bado."

Simu ikakatika, kwa kuisha salio au kwa heshima. Hakimu akaitia mfukoni. Wanawake wa viazi walikuwa wameacha kumenya muda mrefu. Mmoja alishika kiazi kilichomenywa nusu, ganda limening'inia.

Apolline alitazama wembe, kisha kichwa kilichokuwa mbele yake. Hasira haikuwa imemtoka, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, hofu labda. Yeye ndiye aliyemlea Délice mwaka mzima Pudentienne alipougua.

"Saa mbili wanafungua," akasema. "Saa ine watu wanafika. Minye nifanye nini na hiki kichwa? Nimalize ao nisimalize?"

Ndihokubwayo alipitisha kiganja upande wa kulia, palipo laini, kisha upande wa kushoto.

"Mutu akishanyolewa yote, ameganduka," akasema.

"Na akinyolewa nusu?"

"Hiyo sijawahi kuona."

"Hakuna mwenye amewahi kuona! Wageni watasema umerogwa."

"Acha waseme. Pudentienne wamemuita Mama Morisi siku mbili na hakukufa." Akafungua shuka shingoni, akaikung'uta, na nywele nyeupe zikaanguka upande mmoja tu wa kigoda. "Kama kesho huyo Pontien anasema hapana, utamaliza saa tatu, wageni hawajafika. Maji ya moto yakae tayari."

"Na kama anasema ndiyo?"

Ndihokubwayo alisimama, mgongo ukamshika, akaegemea mtungi wa kasiksi hadi maumivu yakapita. Hakimu alitaka kuaga lakini aliona ni mapema. Akainama, akaanza kusaidia kukusanya maganda ya viazi, na hakuna aliyemkataza.

Pudentienne alikuwa amesimama mbele ya mumewe akimtazama, upande ule na upande huu. Mdomo wake ulitikisika. Kilikuwa kicheko, au kilianza kuwa kicheko, na alikificha kwa mwiko.

"Saa mbili wanafungua," Ndihokubwayo akasema. "Mupaka ya Burundi wanafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kama nafika ku ofisi ya Pontien yeye hajafungua, tutaenda pamoja ku hiyo nyumba." Akatazama huku na huku uani. "Kofia yangu iko wapi?"